Mwizi Aliyeegemeza Ufagio Mlangoni

Fremu ilikuwa imelazwa sakafuni juu ya mkeka wa matambara, imenyooshwa kama maiti inayosubiri kuoshwa. Ndani yake hamkuwa na kitu. Misumari kumi na miwili iliyokuwa imeshikilia turubai ilikuwa mezani, kwenye kisahani cha kahawa, yote imeelekezwa upande mmoja.

Inspekta Ivar Kolmodin alikitazama kile kisahani kwa muda mrefu. Miaka ishirini na sita ya upelelezi katika mkoa wa Dalarna ilikuwa imemkutanisha na wezi wa kila namna: walevi, wavunja madirisha, wachoma maghala. Mwizi wa kupanga misumari hakuwahi kumwona.

"Usikiguse!" mtu alifoka nyuma yake.

"Sijakigusa."

"Kisahani hicho hakikai hapo! Kinakaa kabatini, rafu ya pili, cha tatu kutoka kushoto. Nani amekitoa?"

"Bwana mwenyekiti," Kolmodin alisema taratibu, "umeibiwa picha."

"Najua nimeibiwa picha! Na kisahani je?"

Huyo alikuwa Sixten Fryklind, mwenyekiti wa jumuiya iliyoitunza nyumba hiyo kama makumbusho, mtoto wa mwisho wa marehemu mchoraji Hjalmar Fryklind. Alikuwa na miaka hamsini na sita, tai shingoni, na sauti ya mtu aliyezoea kuwakemea wageni wasiegemee kuta.

Hapakuwa na Mswidi asiyewajua akina Fryklind. Mzee alikuwa ameichora familia yake maisha yake yote: watoto wakivuna viazi, mkewe akishona dirishani, mbwa chini ya meza, theluji juu ya banda. Picha hizo zilikuwa kwenye kalenda, sinia na makopo ya biskuti. Kolmodin mwenyewe alikuwa akila mkate wake wa asubuhi juu ya sinia yenye sura ya Sixten akiwa na umri wa miaka mitano.

Na iliyoibwa ndiyo iliyopendwa kuliko zote, "Jumapili Chini ya Mbetula," ya mwaka 1910. Meza iko nje chini ya mti mweupe. Mama amevaa aproni ya mistari, macho chini, anamimina kahawa. Sixten mdogo amemkumbatia paka. Mbele ya mama ameketi kaka yake Sixten, Algot, mwenye kofia ya bluu, uso ameuelekeza kwa mama. Kiti kimoja ni kitupu.

"Lori litakuja Alhamisi alasiri," Sixten alisema. "Picha inakwenda Stockholm, halafu nje ya nchi. Miaka miwili! Leo ni Jumanne. Unaelewa maana yake, Inspekta?"

"Naelewa kuhesabu siku."

"Basi mbona umesimama tu?"

Kolmodin alikuwa amesimama tu kwa sababu miguuni alikuwa amevalishwa sapatu za sufu, kubwa kama mikate. Ilikuwa kanuni ya nyumba. Kila anayeingia alivua viatu ukumbini na kuvaa sapatu hizo ili asikwaruze sakafu, hata kama amekuja kuchunguza jinai. Akijaribu kutembea haraka alikuwa akiteleza. Alikuwa ameteleza mara mbili tayari, na mara zote mbili Sixten alikuwa ameitazama sakafu, si yeye.

Mtaalamu wa alama za vidole, mzee Nyblad, alikuwa amepiga magoti kando ya ukuta.

"Kuna nini?" Kolmodin aliuliza.

"Hakuna alama. Kiti alichopandia kimepanguswa. Fremu imepanguswa. Nadhani hata vumbi la juu ya mlango limepanguswa. Mwizi huyu anafanya usafi kuliko mke wangu, na usimwambie nimesema hivyo."

"Nyayo?"

"Hiyo ipo. Sakafu ilisuguliwa kwa sabuni juzi, imeshika nyuzi. Sufu ya kijivu, soksi za kufuma kwa mkono. Mguu mdogo. Hakuvaa viatu wala hizi sapatu."

"Mwizi kavua viatu?"

"Kavua. Ungetaka aingie navyo ndani ya nyumba ya watu?"

Kolmodin alifumba macho. Ijumaa ilikuwa mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mkewe alikuwa amemwahidi kila jirani kwamba uzio utakuwa umepakwa rangi nyekundu. Ndoo ya rangi ilikuwa uani tangu mwezi wa tano, na yeye alikuwa hapa akisaka mwizi mwenye adabu.

Alitoka kibarazani kumhoji mlinzi.

Holger Snis alikuwa na miaka sitini na minane, na alijibu maswali kama mtu anayelipia kila neno.

"Uligundua saa ngapi?"

"Saa sita."

"Unaanza kazi saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Kati ya saa mbili na saa sita ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ulichelewa?"

"Sikuchelewa. Nilifika saa mbili. Nikakuta ufagio, nikarudi."

Kolmodin aliacha kuandika. "Ufagio gani?"

Holger alionyesha kwa kidevu. Kwenye ukuta kando ya mlango palikuwa na ufagio wa vijiti vya mbetula. "Ulikuwa umeegemezwa mlangoni, katikati. Mimi ndiye niliyeusogeza baadaye."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Holger, nyumba hii haina mtu kwa miaka tisa. Ni makumbusho."

"Ndiyo. Lakini siku zote hizo ufagio haukuwepo."

"Wewe ni mlinzi! Unalinda nyumba isiyo na mtu. Ndiyo kazi yenyewe!"

"Afande, mimi nimezaliwa kijiji hiki. Ukikuta ufagio umeegemea mlango, wenyewe wametoka. Huingii. Aingiaye ni mwizi." Akafikiri kidogo. "Nikasema nitarudi wakiwa wamerudi."

"Akina nani?"

Holger alimtazama kana kwamba kosa ni la swali. Kuna watu hata ukiwapiga kwa nyundo ukweli hautoki, si kwa ukaidi, bali kwa sababu wanakuona wewe ndiye usiyefahamu mambo ya kawaida.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Umerudishiwa tu. Ufunguo ulikuwa msumarini, chini ya paa."

"Nani anajua ufunguo unakaa hapo?"

"Nani asiyejua?"

*

Jumatano ilikuwa mbaya kuliko Jumanne.

Sixten alipiga simu kituoni mara sita kabla ya saa nne. Alikuwa na hakika kwamba mwizi ni Mjerumani mmoja aliyekuja Jumapili na gari lenye kitanda ndani, akasimama mbele ya picha nusu saa nzima.

"Nusu saa, Inspekta! Mtu mwenye nia njema anatazama dakika tano."

Mjerumani alikamatwa barabarani karibu na Mora. Gari lilipekuliwa. Alikuwa daktari wa meno kutoka Hannover, na ndani ya gari mlikuwa na mke, mama mkwe, mapacha, na makopo kumi na moja ya biskuti yenye picha za Fryklind. Mama mkwe alilia. Kolmodin aliomba radhi kwa Kijerumani chake cha shule, na pacha mmoja akamtapikia kiatu.

Aliporudi kwa Sixten alikuwa amefura.

"Hakuna majambazi, bwana mwenyekiti. Jambazi hapangi misumari kwenye kisahani."

"Unataka kusema nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, nasema hivyo. Ukitoka kwako kwenda safari, unafanyaje mlangoni?"

"Mimi? Nafunga kwa ufunguo mara mbili. Naishi ghorofani, mjini, tangu nilipopelekwa shule. Swali la kipuuzi gani hilo?"

"Na ufagio?"

"Sina ufagio. Nina mashine ya kufyonza vumbi."

Kolmodin aliandika hayo. Kisha akachukua kijitabu cha mwongozo cha makumbusho na kukisoma akiwa amesimama. Kuhusu picha iliyoibwa kijitabu kilisema: *Mama anamimina kahawa kwa unyenyekevu wake wa kawaida. Algot anamwomba kipande kingine cha keki. Kiti kitupu ni cha dada yao Tyra, ambaye amekwenda kuchota maziwa.*

"Huyu Tyra yuko wapi?"

"Dada yangu? Yuko pale." Sixten alionyesha nyumba ndogo nyekundu upande wa pili wa ua. "Anamtunza mama. Usimsumbue mama, hajui lolote. Ana miaka themanini na saba, moyo umechoka. Daktari anasema hatafika vuli."

"Mama yako anaishi kwenye kile kibanda?"

"Ni nyumba ndogo ya wazazi waliozeeka, ndiyo desturi yetu. Tulimhamishia humo tulipofungua makumbusho. Haiwezekani mtu kulala kwenye kitanda ambacho wageni wanakuja kukitazama."

"Lakini ni kitanda chake."

"Ni kitanda cha kwenye picha," Sixten alisema, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kolmodin aliona heri akavuke ua.

Nyumba njema si mlango, waliosema walisema kweli. Ndani ya kibanda kile kulikuwa na joto, kitanda cha kufumia nguo, na meza iliyotandikwa kabla hajabisha. Tyra Fryklind alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na moja, nywele zimefungwa nyuma, mikono haikai bure. Alimwekea kahawa na aina saba za biskuti. Kolmodin alikuwa na kidonda cha tumbo na aina saba zilikuwa adhabu, lakini kuruka hata moja kungekuwa matusi. Alianza na ya mlozi.

"Ulisikia lolote usiku wa Jumatatu?"

"Hapana, Inspekta."

"Uliona mtu?"

"Sikuona."

"Una maoni gani kuhusu picha ile?"

Mikono ya Tyra ilitulia kwa mara ya kwanza. "Ni nzuri. Kila mtu husema ni nzuri."

"Mimi nimekuuliza wewe."

"Jaribu na hii yenye tangawizi."

Nyuma ya mlango wa chumba cha ndani sauti nyembamba iliita: "Tyra! Nani huyo?"

"Ni polisi, mama."

"Kaja na Algot?"

Tyra aliinuka haraka. "Anachanganyikiwa," alimwambia Kolmodin bila kumtazama. "Algot alifariki. Zamani sana. Dondakoo."

"Samahani. Alikuwa na umri gani?"

"Tisa. Mimi nilikuwa na kumi." Akafunga mlango wa chumba vizuri. "Kula hiyo ya mwisho, tafadhali. Nikibaki nayo sahanini itanisikitisha."

Akaila. Usiku kucha tumbo lilimkumbusha.

*

Alhamisi asubuhi Sixten alipiga simu saa moja na dakika tano kusema kwamba amepata kosa jingine: mkeka wa matambara ulikuwa umegeuzwa upande wa chini ukawa juu. Kolmodin alimkatia simu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia raia. Kisha akachukua gari na kwenda mwenyewe, bila kujua hasa anakwenda kuuliza nini.

Alipita uani kuelekea kibandani. Kwenye mlango wa kibanda palikuwa na ufagio.

Ulikuwa umeegemezwa katikati kabisa, vijiti juu, mpini chini. Kolmodin alisimama. Hakuna mtu, ufagio ulisema. Lakini mtu alikuwepo. Bibi Alfhild, mama yake Tyra, alikuwa amelala ndani, hajatoka kitandani tangu Pasaka.

Aliinama na kuutazama ufagio bila kuugusa. Vijiti vilikuwa vimefungwa kwa uzi wa sufu uliosokotwa, mwekundu na kijani. Akarudi upande wa pili wa ua, akavua viatu kwa mazoea, akatukana, akavivaa tena, akauchukua ule ufagio mwingine kibarazani. Uzi mwekundu na kijani. Fundo lilelile, limefungwa mara tatu.

Siku mbili kielelezo chake kikuu kilikuwa kimesimama ukutani, naye alikuwa amekipita akienda kumkamata daktari wa meno! Alijionea aibu hadi masikio yakapata moto.

Aliketi kwenye kizingiti cha kibanda, ufagio mapajani, akangoja. Baada ya robo saa Tyra alitokea njiani amebeba ndoo ya maziwa. Alipomwona alipunguza mwendo, lakini hakusimama.

"Umetoka kuchota maziwa," Kolmodin alisema.

"Kama kijitabu kinavyosema."

"Ukitoka unaweka ufagio."

"Kila mtu huweka."

"Holger anafunga kufuli kwake siku hizi. Nimemuuliza. Sixten ana mashine. Wanaoweka ufagio kijijini humu wamebaki wachache, na wanaoufunga kwa uzi wa kitanda chako cha kufumia ni mmoja." Akauinua. "Huu nimeutoa kwenye nyumba kubwa. Nani anaacha ufagio kwenye mlango wa makumbusho, Bi Tyra?"

Tyra aliweka ndoo chini. Aliutazama ufagio kwa mshangao wa kweli.

"Niliweka?"

"Uliweka."

"Sikumbuki kabisa." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nilipanga mwezi mzima. Soksi, kitambaa cha kupangusia, shuka la kufunikia. Halafu nikatoka, na mkono ukafanya wenyewe. Ndivyo tulivyofanya tangu utoto. Wa mwisho kutoka anaweka ufagio."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri nini? Ile ni nyumba yetu."

"Picha iko wapi?"

"Nyuma ya kabati la mama. Imeelekea ukutani."

Kolmodin alishusha pumzi. Alingoja ile raha inayomjia mpelelezi kesi inapofunguka. Haikuja.

"Kwa nini, mama wee? Ungemwomba ndugu yako akuazime kwa saa moja!"

"Nilimwomba mara nne!" Sasa sauti ya Tyra ilipanda. "Nilimwomba kwa mdomo, nikamwomba kwa barua, nikaomba kwa kamati. Walijadili kwenye mkutano. Wakaniandikia kwamba picha haiwezi kuvuka ua kwa sababu ya unyevu. Unyevu, Inspekta! Hatua arobaini! Lakini inaweza kuvuka bahari."

"Na mama yako hawezi kubebwa kule?"

"Daktari kakataza asiinuliwe. Picha inaondoka leo kwa miaka miwili. Yeye hana miaka miwili. Hana hata miezi."

"Na anataka kuiona."

"Hajawahi kuiona."

Kolmodin alifikiri amesikia vibaya. "Yumo ndani ya picha. Ameishi nayo nyumba moja miaka zaidi ya arobaini."

"Amepita mbele yake akitazama sakafu. Kila siku. Muulize Holger." Tyra alikaa kizingitini kando yake, mikono katikati ya magoti, na maneno yakaanza kutoka yenyewe.

"Algot alikufa mwezi wa pili. Kiangazi baba akasema atachora meza, na watoto wote wawepo. Wote. Mama akamwambia hawapo wote. Baba akasema kwenye picha watakuwepo. Akanikata nywele, akanivalisha nguo za Algot na kofia yake ya bluu. Tulikuwa na kimo kimoja. Akaniketisha mbele ya mama. Wiki tatu, Inspekta, asubuhi hadi mchana. Kile kiti kitupu ni changu kweli, lakini sikwenda kuchota maziwa. Nilikuwa nimekaa mahali pa Algot."

Kolmodin hakuandika chochote.

"Mama hakuinua macho. Alikuwa akimimina kahawa kutoka kwenye birika tupu, anamimina, anamimina. Watu wanasema ni unyenyekevu. Hakuweza kuniangalia, basi. Na mazoea hayo yakabaki. Hajawahi kunigombeza, hajawahi kuninyima kitu. Akiongea nami anatazama mikono yangu."

"Na sasa?"

"Wakati wa Pasaka akasema, nileteeni Algot nimwone kabla sijafa. Nikamletea." Akajifuta pua kwa ukingo wa aproni. "Tangu Jumatatu picha imo chumbani mwake na sijamwambia. Nimeshindwa kuigeuza."

"Kwa nini?"

Kabla hajajibu, Sixten alikuwa amefika akikimbia, tai imepinda, na nyuma yake lori lilikuwa linaingia uani likirudi kinyumenyume.

"Imepatikana? Holger kaniambia umekaa hapa na ufagio! Imepatikana?"

"Imepatikana," Kolmodin alisema. "Ipo chumbani kwa mama yako."

Sixten alimgeukia dada yake. Uso ulimwiva. "Wewe! Wewe, Tyra! Umenidhalilisha mbele ya nchi nzima! Inspekta, mtie pingu."

"Sina pingu. Nimeziacha garini, na miguu inaniuma."

"Wizi ni wizi!"

"Ni wizi, nami nitauandika. Sasa punguza sauti, kuna mgonjwa."

Lakini mgonjwa alikuwa ameshasikia. Sauti nyembamba ilitoka ndani, wazi kabisa, haina kuchanganyikiwa hata chembe.

"Acheni kupiga kelele mlangoni kama kuku. Ingieni."

Wakaingia. Wote watatu walivua viatu.

Bibi Alfhild alikuwa ameegemea mito miwili, mdogo kuliko Kolmodin alivyotarajia. Alimtazama mpelelezi usoni, akamtazama Sixten usoni, akaitazama mikono ya Tyra.

"Imo humu," alisema. "Kitu kinachonuka mafuta ya kitani kimo humu siku tatu. Nimelala na mchoraji miaka thelathini, mnadhani sijui harufu? Igeuzeni."

"Mama, unyevu," Sixten alianza.

"Sixten, nenda kasimame pale."

Akaenda. Kolmodin alimwangalia Tyra. Tyra alikuwa amebana mgongo ukutani, na sasa mpelelezi alielewa kwamba mwanamke huyu hakuogopa polisi hata kidogo. Basi akaivuta picha mwenyewe nyuma ya kabati, akaigeuza, akaisimamisha juu ya kiti chini ya dirisha.

Mwanga wa kiangazi uliiangukia. Kikongwe aliomba miwani yake. Akaivaa. Alichukua muda kama wa mtu anayeingia majini, kisha akainua macho.

Alitazama.

"Huyu si Algot," alisema.

"Ni Algot, mama," Sixten alisema. "Kofia ya bluu, unaiona? Kijitabu kinasema—"

"Kofia niliifuma mimi. Najua ni ya nani. Nauliza aliyemo ndani ya kofia."

"Baba alisema atabadilisha uso, mama," Tyra alisema kwa sauti ndogo. "Aliniahidi. Kila jioni alijaribu, akashindwa, akaacha alichokuwa anakiona. Watu wanaona kofia tu. Nisamehe. Uliomba Algot, na Algot hayumo. Hajawahi kuwemo."

Honi ililia uani. Ikalia tena. Sixten aliitazama saa yake kwa mateso.

"Kamwambie dereva aondoke," Kolmodin alimwambia.

"Stockholm wanangoja!"

"Picha ni kielelezo cha polisi. Haiondoki kabla sijakamilisha maelezo, na mimi mwandiko wangu ni wa polepole. Huenda ukafika vuli." Akamshika kiwiko. "Nenda, bwana mwenyekiti. Au nikukamate kwa kumsumbua daktari wa meno."

Sixten alifungua mdomo, akatazama kitandani, akaufunga. Alitoka na soksi, viatu mkononi.

Bibi Alfhild hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amesogeza shingo mbele.

"Ananitazama mimi," alisema. "Mtoto huyu. Haangalii keki. Ananitazama mimi, na mimi nimeikodolea macho birika."

"Ndiyo, mama."

"Wiki tatu ulikuwa unanitazama hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na baada ya hapo?"

Tyra alikuwa na miaka sitini na moja.

"Na baada ya hapo, mama."

Kikongwe aliitoa miwani, akaipangusa kwa shuka, akaivaa upya. Hakuigeukia picha tena.

"Ondoka hapo ukutani," alisema. "Njoo huku penye mwanga, nikuone."

Tyra akaenda. Kolmodin aliokota viatu vyake, akatoka nje kimya, akaurudishia mlango.